Kijana anakwenda China, na dini yake je?

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa mashariki na magharibi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba wake wote.

Ndugu msomaji, kila mwaka yanapotoka majina ya vijana waliopata nafasi za kusoma nje ya nchi, sisi walimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu hupata wageni. Huja baba, huja mama, wakati mwingine huja mjomba aliyetumwa na familia. Swali lao huwa moja: "Ustadhi, mtoto kapata China. Tumwache aende?" Mzazi anajua kuwa nafasi hii si rahisi kupatikana, hasa kwa mtoto aliyesoma shule ya kata na ambaye nyumbani hakuna wa kumlipia ada. Lakini pia anaogopa asije akampeleka mtoto anayesali, akarudishiwa msomi asiyesali.

Mimi huulizwa zaidi kuliko wenzangu kwa kuwa katika mwaka wa masomo 2013/2014, nikiwa nasomea shahada ya ualimu hapa nyumbani, nilikwenda mjini Xi'an kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, nikasoma lugha ya Kichina kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo nimeona ni vyema nilijibu swali hili kwa maandishi, ili lipimwe kwa mizani ya dini yetu badala ya kupimwa kwa hofu au kwa tamaa ya cheti.

Hoja inayotangulizwa

Mara tu China inapotajwa, hakosekani mtu wa kusema kuwa Mtume (s.a.w.) ameamrisha elimu itafutwe hata kama iko huko. Maneno haya yamebandikwa katika kuta za madrasa zetu nyingi. Lakini wanazuoni wa hadithi wameyachambua na hawakuyakubali. Ibn al-Jawzi ameyatia katika mkusanyiko wake wa hadithi za kubuniwa, na katika karne ya 20 Sheikh Nasiruddin al-Albani ameyahukumu kuwa ni batili. Haifai basi kumnasibisha Mtume (s.a.w.) na maneno ambayo hayakuthibiti kwake, hata kama maana yake inatupendeza.

Je, hukumu hiyo inafunga mlango wa safari? La hasha. Hatuna haja ya hadithi isiyothibiti wakati zilizothibiti zinatutosha. Imepokewa katika Sahih Muslim kuwa mwenye kushika njia kutafuta elimu, Allah humsahilishia njia ya kwenda Peponi. Na katika Surat al-Hujurat tunafundishwa kuwa mataifa na makabila yamefanywa mbalimbali ili watu wajuane. Hatuwezi kujuana na watu tuliowakimbia.

Sira nayo inatufundisha. Mwaka wa tano wa Utume, sawa na mwaka 615, Waislamu waliokuwa wakiteswa Makka walielekezwa Habasha, nchi ya mfalme Mkristo, kwa sababu alikuwa mwadilifu. Katika safari ya Hijra yenyewe, aliyeajiriwa kuonyesha njia ni Abdullah bin Urayqit, ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu. Baada ya vita vya Badr, vitabu vya sira vinaeleza kuwa mateka waliojua kusoma na kuandika, na hawakuwa na mali ya kujikomboa, walikombolewa kwa kuwafundisha watoto wa Kiansari. Na Zayd bin Thabit aliagizwa na Mtume (s.a.w.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zisomwe na mtu wa kuaminika. Ujuzi wa dunia basi unachukuliwa hata kwa asiye Mwislamu. Linalobaki ni kuuliza: anayekwenda kuuchukua ni nani, na amebeba nini?

Uislamu uliotangulia huko

Wazazi wengi hudhani China ni nchi ambayo mtoto wao atakuwa Mwislamu peke yake. Hilo si kweli. Waislamu wa China wanazidi milioni 20 na wamo katika makabila 10 yanayotambuliwa na serikali. Makubwa zaidi ni Wahui na Wauighur, ambao kwa sensa ya 2020 kila kabila lilizidi watu milioni 11. Mjini Quanzhou, pwani ya kusini mashariki, upo msikiti uliojengwa mwaka 1009. Xi'an, ambayo zamani iliitwa Chang'an na ndipo misafara ya biashara ya hariri ilipokuwa ikianzia, una Msikiti Mkuu ambao wenyeji wanauhesabu kuwa ni wa mwaka 742, ingawa majengo mengi yaliyopo ni ya zama za utawala wa Ming. Ukiuona kwa nje utadhani ni bustani ya mfalme wa Kichina: mapaa yaliyopinda, milango ya mbao, nyua moja baada ya nyingine. Hauna kuba. Lakini ukiingia ndani, ukuta wa kibla unaelekea magharibi, iliko Makka, na aya za Qur'an zimechongwa kwenye mbao.

Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna undugu wa zamani na watu hawa. Zheng He, amiri wa merikebu za China zilizosafiri Bahari ya Hindi kati ya 1405 na 1433, alizaliwa Yunnan katika familia ya Kiislamu, na baba yake alijulikana kwa jina la Haji. Merikebu zake zilifika Malindi, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Vigae vya vyombo vya Kichina vimeokotwa Kilwa na Gedi. Naye Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, amesimulia pia safari yake ya China. Kijana wetu anayepanda ndege leo hafungui njia mpya.

Hapo msikitini Xi'an, ukitoa salamu wazee wanakuitikia kwa lafudhi yao, lakini unaelewa. Mzee mmoja wa Kihui, aliyekuwa akijua Kiarabu kidogo, aliniomba nimsomee Suratul Fatiha. Nilipomaliza alilia. Akanieleza kuwa katika Mapinduzi ya Utamaduni, yaani miaka ya 1966 hadi 1976, misikiti ilifungwa, na baba yake alikuwa akimfundisha sura hiyo usiku, taa imezimwa, kwa sauti ya chini. Nimesomesha dini kwa miaka kadhaa sasa, na bado sijapata somo la kuwapa wanafunzi wangu lililo zito kuliko la mzee yule.

Kilichomwangusha kijana wetu

Katika mwaka ule ule nilimfahamu kijana mmoja kutoka ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki. Amelelewa nyumba ya dini, amehitimu juzuu kadhaa, na baba yake ni mtu anayeheshimika msikitini kwao. Alipofika, wiki za mwanzo alikuwa akisali kila kipindi. Kisha Alasiri ikaanza kumpita, kwa sababu kipindi cha darasani kilikuwa kirefu. Baadaye Alfajiri, kwa sababu baridi ilikuwa kali. Ilipofika miezi mitatu, Ijumaa pekee ndiyo iliyobaki, na baadaye hata hiyo ikaondoka.

Naomba wazazi mlisikilize hili vizuri. Hakuna Mchina aliyemwambia kijana yule aache sala. Hakuna aliyemlazimisha kunywa pombe. Walimu wake hawakujua hata kama alikuwa akisali. Nilipomuuliza, alinijibu kwa unyoofu: "Kaka, nyumbani nilikuwa naamshwa." Maneno hayo manne yanatosha kuandikiwa kitabu. Sala yake ilikuwa ni adhana ya jirani, sauti ya mama mlangoni na jicho la baba. Alipoondoka, vyote hivyo vilibaki nyumbani.

Kwa upande mwingine, nilimwona binti kutoka pwani yetu hii hii, akisomea udaktari, hijabu yake haikuwahi kushuka. Alikuwa na jedwali la nyakati za sala alilolibandika ndani ya kabati lake, na mapumziko ya mchana aliyatumia kwa sala ya Adhuhuri kabla ya chakula. Alinieleza kuwa marehemu bibi yake alimzoesha kusali Alfajiri bila kuamshwa tangu akiwa na miaka kumi. Vijana hawa wawili walikuwa nchi moja, mji mmoja, baridi moja. Tofauti yao ilitengenezwa hapa nyumbani, miaka mingi kabla ya viza.

Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr amche Allah popote atakapokuwa. Wasia huu haukutofautisha mji wenye misikiti na mji usio na misikiti. Kumcha Allah Kariakoo, ambako adhana zinagongana, si kipimo kamili cha uchamungu.

Fiqhi ya mwanafunzi

Yapo mambo ya kisheria ambayo kijana anapaswa kuyajua kabla hajafunga sanduku.

La kwanza ni chakula. Katika China, neno la nyama likitajwa peke yake, aghalabu linakusudiwa nguruwe. Lakini tatizo haliishii hapo. Vijana wengi hujiambia: "Mimi sili nguruwe, nakula kuku." Kuku yule wa kantini ya kawaida hakuchinjwa na Mwislamu wala na Ahlul Kitab, kwa hiyo kutokuwa kwake nguruwe hakumfanyi awe halali. Na mboga nazo huweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Kijana ajifunze neno "qingzhen", linaloandikwa kwenye mikahawa ya Waislamu, na ajue kulisoma kwa maandishi ya Kichina. Vyuo vingi vina kantini ya namna hiyo, na mikahawa ya Wahui inayouza tambi za mchuzi wa ng'ombe imeenea katika miji mingi. Asipoipata, ipo samaki, yapo mayai, upo wali, atapika mwenyewe. Anayejua njia hizi hana dharura ya kudai.

La pili ni nyakati za sala. China nzima inatumia saa moja, ya Beijing. Xi'an katika kiangazi jua huzama karibu saa 2 usiku, Isha huingia baada ya saa 3 na nusu, na Alfajiri huingia kabla ya saa 10. Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa Juni 2014, tulifunga zaidi ya saa 16. Katika majira ya baridi mambo hugeuka: jua huchomoza baada ya saa 1 na nusu asubuhi na kuzama karibu saa 11 na nusu jioni, kwa hiyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinafuatana upesi. Aliyezoea kwetu, ambako nyakati hazibadiliki sana, atapotea asipokuwa na jedwali.

La tatu ni hukumu ya msafiri. Wapo vijana wanaopunguza sala mwaka mzima kwa hoja kuwa wako safarini. Kwa madhehebu yetu ya Shafi'i, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, amekuwa mkazi. Mwanafunzi wa mwaka mzima ni mkazi. Asali kamili, na afunge Ramadhani kama wakazi.

La nne ni tofauti za madhehebu. Waislamu wa China walio wengi ni Mahanafi. Hawasomi kunuti katika sala ya Alfajiri, huitikia amin kwa siri, na huchelewesha Alasiri kuliko sisi. Niliwaona vijana kutoka kwetu wakijitenga na imamu, ambaye huko huitwa "ahong", kwa sababu ya kunuti tu. Huu ni msiba. Watu waliobaki na Uislamu kwa zaidi ya miaka elfu moja, katikati ya bahari ya wasio Waislamu, hawahitaji kusahihishwa na mgeni wa wiki mbili.

Sheria za nchi na jambo lililo zito

Kijana ajue pia kuwa anakwenda katika nchi inayodhibiti dini. Shughuli za dini haziruhusiwi ndani ya vyuo. Mgeni anaruhusiwa kusali katika misikiti iliyosajiliwa, lakini haruhusiwi kulingania wenyeji. Kanuni zilizoanza kutumika Februari 2018 zimekaza zaidi, na misikiti mingi imeondolewa kuba na minara. Kwa hiyo niliyoyaona mimi 2014 asiyategemee yote. Viza ni ahadi, na Surat al-Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini kutimiza ahadi zao. Asali chumbani kwake kwa utulivu, aende msikiti uliosajiliwa, asiitishe darasa bwenini.

Hapa msomaji makini ataniuliza: na ndugu zetu Wauighur je? Swali hili ni la haki na halikwepeki. Tangu 2017 habari za kuzuiliwa kwa Waislamu wengi mkoani Xinjiang zimeenea dunia nzima. Tarehe 31 Agosti 2022 Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti ikisema kuwa yaliyotendwa huko huenda yakawa ni jinai dhidi ya ubinadamu. Serikali ya China imeikanusha ripoti hiyo. Je, kijana wa Kiislamu anaweza kupokea ufadhili wa dola hiyo?

Maoni yangu, na Allah ndiye Mjuzi zaidi, ni kuwa kuchukua elimu si kutia saini dhulma. Waliowafundisha watoto wa Madina kusoma walitoka katika jeshi lililokuja kuwaua baba zao, na elimu ile haikukataliwa. Lakini ufadhili una mtego wake. Mtu akilishwa na kusomeshwa, ulimi wake huwa mzito. Kijana hatakiwi kujitia katika siasa za nchi ya watu akahatarisha usalama wake na wa wenyeji wanaosali pamoja naye. Wakati huo huo asikubali kutumika kuwa shahidi wa jambo ambalo hakuliona. Akiulizwa hali ya Waislamu wa Xinjiang naye alikuwa Xi'an, aseme alikuwa Xi'an. Surat al-Maida hiyo hiyo imetukataza chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Tusiwachukie Wachina wote, wengi wao ni watu wakarimu na walinifanyia wema ambao sitausahau. Tusiinyamazie dhulma pia kwa sababu ya shukrani.

Wajibu wa mzazi na jamii

Mzazi, kabla ya kuuliza kama China inafaa, uliza kama mwanao yuko tayari. Mfanyie mtihani mdogo: kwa mwezi mmoja usimwamshe Alfajiri, uone. Kama hasali bila kuamshwa akiwa Temeke, ni nani atakayemwamsha Wuhan? Kama ni binti, wanazuoni wana maelezo yao kuhusu safari ya mwanamke bila maharimu na mazingira ya amani na wenza waaminifu. Familia ikae na sheikh wake ielekezwe, isiamue kwa kusikia mitaani.

Pili, hakiki masomo yenyewe. Fundisho ni kwa Kiingereza au kwa Kichina? Cheti kitatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU)? Wapo waliopoteza miaka kwa kumwamini wakala aliyepokea fedha na kutoweka.

Tatu, punguzeni madai. Posho ya ufadhili kamili wa serikali ya China ni yuan 2,500 kwa mwezi kwa shahada ya kwanza, 3,000 kwa uzamili na 3,500 kwa uzamivu. Ni ya kujikimu, si ya kujengea nyumba. Lakini kuna familia zinazomtumia kijana orodha ya simu na nguo za kuwanunulia, kila mwezi, mpaka anaingia katika vibarua ambavyo kibali chake cha mwanafunzi hakivitambui. Kisha tunashangaa hasali wala hafaulu. Mpigie simu, na swali la kwanza liwe la sala, mengine yafuate.

Nne, jambo hili si la mzazi peke yake. Misikiti yetu inaaga mahujaji kwa semina ya manasiki, na ni jambo jema. Hijja ni ya siku chache. Kijana anayekwenda kuishi miaka mitano ugenini tunamuaga kwa pilau na picha tu. Kwa nini tusiwe na semina ya siku mbili kwa wanaokwenda masomoni, tukawaalika waliorudi wakawasomesha fiqhi ya chakula, ya sala na ya kuishi na wasiokuwa Waislamu? Kwa nini matangazo ya nafasi hizi yasisomwe baada ya sala ya Ijumaa, ili mtoto wa maskini naye aombe? Jamii isiyosoma hubaki ikilalamika milangoni mwa waliosoma. Na jamii inayosomesha bila kulea hujiongezea wasomi ambao hawataiwakilisha.

Kwa hiyo jibu langu kwa wazazi wote ni hili: mwacheni aende, kama mmemlea kusali asipoonwa. Na kama bado, msiilaumu China. Anzeni leo, kwa yule aliye darasa la tatu, kwani safari yake nayo haiko mbali.

Tunamuomba Allah (s.w.) awahifadhi vijana wetu walio ugenini, awape elimu yenye manufaa, awafariji wanaodhulumiwa popote walipo, na atujaalie sisi kuwa walezi wa kweli. Amin.

Wabillahi Tawfiq.